Wifi yangu anataka kutuma woka nyengine, na hajui ile ya kwanza ilimfanya nini mtoto

Assalaam aleikum Bi Mshauri, pamoja na wasomaji wote.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitatu na nusu, na nina mimba ya miezi saba. Tunakaa Michenzani, kwenye yale majumba marefu, ghorofa ya nne. Mume wangu anaendesha Noah, anachukua wageni uwanja wa ndege kuwapeleka Nungwi na Paje. Mimi nashona nguo hapa hapa nyumbani. Mama mkwe anatoka shamba kuja kukaa nasi nikikaribia kujifungua, na atakuwa nami mpaka arubaini ipite, inshaallah.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, yuko Maskati anafanya kazi, mwaka wa kumi na mbili huu. Yeye ndiye aliyemsomesha mume wangu baada ya baba yao kufariki, na harusi yetu sehemu kubwa aliigharimia yeye. Mwenyezi Mungu hajamjaalia mtoto. Wa kwetu anamwita mwanangu, na kwa kweli ni wake. Nayatanguliza haya ili mnifahamu ninapokwama.

Wiki iliyopita alinipigia simu ya video. Amepata nafasi ya sanduku moja kwenye kontena la jamaa zake linalokuja Unguja, na amekwenda dukani akapiga picha za vitu. Kigari cha kusukuma, kitanda cha mtoto chenye kuta za sponji, bembea ya umeme, chupa sita za maziwa, na woka, kile kiti cha magurudumu cha mtoto asiyejua kutembea bado. Hiyo woka ndiyo aliyoifurahia zaidi. "Wifi, hii ina taa na muziki, ile ya mwanzo haioni ndani." Nikamwambia ahsante dada, Mungu akuzidishie. Simu ilipokatika nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikalia mpaka mtoto akaja kunipangusa uso kwa mkono wake.

Ile ya mwanzo aliituma yeye pia, mwanangu alipokuwa na miezi sita. Tuliipenda sote. Mtoto anakaa kitako ndani, miguu inagusa chini, anazunguka ukumbini anacheka, na mimi napata nafasi ya kupika. Siku moja ya kaskazi, umeme umekatika, joto halisemeki, nikaufungua mlango wa mbele tupate upepo. Mtoto alikuwa na miezi tisa. Nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, mgongo kwa mlango. Nilikuwa namjua yuko wapi kwa mlio wa magurudumu, kwa sababu sakafu yetu ina nyufa na kila yakipita pale yanagonga. Mlio ukawa mwengine. Plastiki juu ya saruji, mara tatu, mara nne, kisha kimya.

Woka ilikuwa imepinduka pale ngazi zinapopinda, na yeye bado yumo ndani, miguu juu. Nyusi ilichanika mpaka nyama ikaonekana. Nilishuka nusu ya kwanza ya ngazi na kifuu cha nazi mkononi, sikujua kama nimekishika mpaka jirani aliponitoa. Alishonwa nyuzi tano. Kovu analo, na nywele za nyusi pale hazikuota tena.

Wifi tulimwambia ameanguka kitandani. Lilikuwa wazo la mume wangu, na mimi nikaona ni sawa. Tuliona akijua kuwa ni ile zawadi yake, hatapata usingizi. Woka tuliivunja vunja tukaitupa.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuuliza. Nimeuliza wauguzi kliniki, nimesoma kila nilichoweza. Nikaja kujua kwamba mtoto ndani ya woka anaweza kwenda zaidi ya mita moja kwa sekunde moja. Mita moja ni kama nusu ya njia kutoka kwenye mbuzi yangu hadi mlangoni. Kwa hiyo wale walioniambia "ulikuwa wapi wewe?" nawaambia nilikuwa pale pale. Canada wamepiga marufuku woka tangu mwaka 2004. Kuuza hairuhusiwi, kuingiza nchini hairuhusiwi, hata iliyokwisha kutumika huwezi kumuuzia mwenzako. Madaktari wa watoto wa Marekani nao wamekuwa wakitaka ipigwe marufuku kwao. Na kilichonishangaza khasa ni kuwa haimfundishi mtoto kutembea. Anasukuma kwa ncha za vidole, haioni miguu yake, hapati kuinuka wala kuanguka kidogo kidogo, na ndiko kutembea kunakotoka. Wangu tulipoitupa woka alianza kushika kingo za makochi, akasimama dede, kisha akaenda, kwa wakati wake mwenyewe.

Sasa nikisema nataka kuchagua vitu vya mtoto kwa akili, mume wangu anasema najifanya daktari. Lakini anayekaa na mtoto kutwa ni mimi, na nyumba hii naijua.

Kile kigari cha kusukuma, kwa mfano. Kizuri, wallahi. Lakini kutoka chini mpaka mlangoni kwangu ni ngazi sitini na nne, nimezihesabu kila siku nikiwa na ndoo. Nikiwa peke yangu, nimbebe mtoto kwanza nikiache kigari chini, au nipandishe kigari nimwache mtoto? Nikifika Darajani siku ya soko hakuna pa kupitisha hata kikapu. Na daladala ndiyo kabisa, utakikunja ukiweke wapi, juu ya magoti ya watu? Mama mkwe alicheka niliposema haya, akasema: "Mwanangu, mimi nimezaa sita, vyombo vyangu vilikuwa kanga, mkeka na beseni." Na ana haki. Nampenda kwa neno hilo. Kanga imefungwa vizuri, mtoto ananing'inia kifuani au mgongoni na miguu imepanuka, magoti juu kidogo kuliko makalio, mkao huo ni mzuri kwa nyonga zake. La kuangalia ni kidevu kisilale juu ya kifua akashindwa kuvuta pumzi, na uso wake uonekane. Kama kuna cha kumwomba wifi hapo, ningetaka ule mkoba wa kitambaa wa kubebea mtoto, mwepesi, wa pamba, maana wenye sponji nene kwa joto letu utamtoa mtoto vipele.

Kitanda nacho kinanipa mawazo. Kuta za sponji zinazozungushwa ndani zinapendeza kwenye picha, lakini mtoto anaweza kuzibiwa pumzi nazo, na Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuzipiga marufuku. Mtoto mchanga alale chali, juu ya godoro gumu, bila mto wala mdoli. Hapa mama mkwe na mimi hatujapatana. Yeye anataka mito miwili midogo huku na huku ili kichwa kikae vizuri. Sijui nitamwambiaje bila kumvunjia heshima, lakini hilo naliweza taratibu, ni mtu wa kusikiliza. Kama ni kitanda, fundi seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza kiingie kwenye chumba chetu, ambacho kitanda chetu na kabati vimekwisha kukijaza. Nitamwambia nafasi kati ya fito na fito isipite sentimita 6, kichwa kisije kikanasa. Chandarua kitatundikwa juu yake, kile cha dawa cha kliniki. Bembea ya umeme sina haja nayo. Umeme wenyewe ndio huu, na mtoto hafai kuachwa alale humo, kichwa kinainama mbele. Chupa sita pia nyingi mno. Ninanuia kunyonyesha tu miezi 6 ya mwanzo, kisha niendelee mpaka miaka miwili kama Qur'ani ilivyotaja, na nikihitaji kumpa maziwa niliyokamua nitatumia kikombe kidogo, kinachooshwa mpaka pembeni kote. Chupa ina shingo na pua, na maji yetu hayatoki kila siku.

Kitu ninachokitaka kwa moyo wote, na hakimo kwenye orodha yake, ni kiti cha gari cha mtoto.

Mume wangu anatupeleka shamba kila Ijumaa au kila wiki ya pili, Makunduchi. Njia ni nzuri, na kwa sababu ni nzuri watu wanakimbia. Mwanangu wa kwanza nilikuwa nampakata kiti cha mbele. Siku moja ng'ombe alikatiza, mume wangu akafunga breki, na mkono wangu wote ulikuwa umemshika mtoto lakini kichwa chake kilikwenda mbele mpaka kikagusa dashibodi. Hakuumia. Lakini nilifahamu kuwa mikono ya mama haina nguvu hiyo. Mtoto mchanga kichwa chake ni kizito na shingo yake laini, ndiyo maana kiti chake kinatakiwa kiangalie nyuma. Ulaya kanuni yao mpya, ya R129, inataka aangalie nyuma mpaka apite miezi 15. Na kisiwekwe kiti cha mbele penye mfuko wa hewa, kwa sababu ukifumka unampiga mtoto.

Mume wangu anasema kiti kitachukua nafasi ya mgeni mmoja, na nafasi ya mgeni ndiyo mkate wetu. Namwambia kitawekwa siku ya kwenda shamba tu. Jumapili iliyopita niliingia kwenye Noah mwenyewe kutafuta mikanda ya nyuma. Haikuonekana. Nikapenyeza mkono chini ya makava aliyoyashonesha mwaka jana, nikazikuta zile kufuli za mikanda zimelala humo, zimefunikwa, zimejaa mchanga wa pwani. Nilikata mshono kwa wembe wangu wa ushonaji, nikaitoa moja, nikaipuliza, nikaichomeka ulimi wake. Ikalia "tak". Kwa hiyo mkanda upo na unashika. Makava nitayashona upya mimi mwenyewe, yenye matundu.

Bi Mshauri, la kiti cha gari naomba wanaojua wanisaidie. Gari yetu ni ya zamani kutoka Japani, kwa hiyo nataka kiti kinachofungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari. Wifi ana mwenzake kazini anayetoa cha mtoto wake bure. Nimesoma kuwa kiti kilichokuwamo ndani ya ajali hakifai tena, hata kama hakuna ufa unaoonekana, na kuwa vina tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye plastiki. Je, mtu ambaye simjui nimuulize vipi kama gari yake iliwahi kugongwa, naye ananipa bure? Au bora nimwombe wifi anunue kipya, kisha aache vyote vyengine?

La pili ni fundi. Nataka anitengenezee geti la mlangoni, la mbao, linaloruhusu upepo kupita na mtoto asipite. Nani kati yenu mnaokaa maghorofani mmefanya hivyo, na kitasa mmekiweka upande gani?

Na la tatu ndilo lililonifanya niandike. Mume wangu anasema tuipokee woka, tumshukuru dada yake, kisha tuiuze Mwanakwerekwe au tumpe mtu. Nimekataa. Nikimpa mwengine, nitakuwa nimempelekea mwenzangu ngazi zangu. Na nikiiweka ndani juu ya kabati, wifi atakuja Idi kama anavyosema, atauliza mbona haitumiki. Kumwambia ukweli ndiko kunakobaki. Lakini nimwambie vipi mtu aliyetulea sote, asiye na mtoto, kwamba lile kovu analolibusu kwenye simu kila Ijumaa limetokana na zawadi yake, na kwamba sisi tulimficha miaka miwili na miezi tisa? Nimwambie mimi au kaka yake amwambie? Nimwambie kwa simu au nisubiri aje, wakati kontena linafungwa tarehe 25?

Jana usiku ametuma picha mbili, woka ya buluu na ya waridi, ameuliza nachagua ipi. Bado sijamjibu.

Mama wa ghorofa ya nne,
Michenzani, Unguja