Baba hajifanyi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua hii Dada akusomee jioni, na Kaka awepo. Baba naye awepo, kwenye kiti chake. Anasikia na anaelewa. Kinachomshinda tangu apigwe na kiharusi ni kuyatoa maneno. Naomba msimzungumzie tena kana kwamba hayupo.

Fedha mliyoomba nimeituma, ila si ya ile mashine. Nitalifikia.

Kwanza nitoe la moyoni. Kaka, shikamoo. Ulinipigia simu ukiwa na hasira, ukasema Baba anajidekeza. Umemwona kwa macho yako asubuhi akipiga mwayo, na mkono wa kulia, ule ule unaoshindwa kushika kijiko, ukapanda wenyewe hadi kifuani. Mkono uliopooza hauwezi kupanda hivyo, ukasema. Maneno yale yameninyima usingizi wiki nzima. Ulichokiona ni kweli, Kaka. Umekosea kwenye kumhukumu.

Mtu akitaka kuinua mkono, amri huanzia kwenye gamba la ubongo, katika ukanda unaotoka juu ya sikio kwenda utosini. Mwaka 1937 Wilder Penfield na mwenzake Edwin Boldrey wa Montreal walichapisha ramani ya ukanda huo. Waliipata wakati wa upasuaji, wagonjwa wakiwa macho, kwa kuugusa ubongo na umeme mdogo na kutazama ni kiungo gani kinashtuka. Uso na mkono vimepewa eneo kubwa ajabu; kiwiliwili kizima kimepewa kipande tu. Kutoka huko nyuzi za neva zipatazo milioni moja kila upande huteremka, hubanana ndani ya ubongo kama umati unaopita mlango mmoja mwembamba, na zikifika mwisho wa shina la ubongo, karibu 9 katika kila 10 huvuka upande wa pili kabla ya kuingia kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana damu iliziba kushoto mwa ubongo, ukapooza upande wa kulia. Picha ya ubongo wake aliyonitumia Dada nimeitazama hadi naiona nikifumba macho. Doa lenyewe halizidi ukucha, lakini limekaa pale pale mlangoni.

Sasa, mwayo haungoji amri kutoka juu. Unaanzia chini ya palipoharibika, na una njia zake nyingine za kuifikia misuli. Basi Baba akipiga mwayo mkono unapanda, na akiamriwa aupandishe, haupandi, hata akitoka jasho. Wodini kwetu nimewaona wengine wa namna hiyo. Na si mkono tu. Mwambieni atabasamu, mdomo utakwenda upande mmoja. Lakini siku ile kwenye simu, mtoto mkubwa wa Dada alipojikwaa kwenye mto wa kulalia akakaa chini ameduwaa, Baba alicheka, na pembe zote mbili za mdomo zikapanda. Nilikuwa kwenye basi. Nilijifunika uso kwa skafu nikalia hadi kituo cha mwisho. Ni kicheko kile kile cha zamani, Mama.

Kuna la kidole pia. Mliniandikia kwa furaha kwamba daktari alimkwaruza Baba unyayo, kidole gumba kikainuka juu, mkadhani mguu unaamka. Samahani kuwakatisha tamaa. Hiyo ni alama aliyoieleza Joseph Babinski kule Paris mwaka 1896, na kwa mtu mzima inaonyesha njia hiyo ya amri imeumia. Mkwaruzeni huyo mtoto mchanga wa Dada, mtaona chake kinainuka vivyo hivyo, kwa sababu kwake njia bado haijakomaa. Kwa Baba, amri kutoka juu imepungua na uti wa mgongo unajiendea wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo kiwiko chake kinaanza kukakamaa. Ingekuwa neva za chini, zile zinazotoka kwenye uti wa mgongo hadi kwenye misuli, ndizo zilizokufa, kama kwa mgonjwa wa polio, mkono ungelegea na kukonda upesi.

Nimefaulu mtihani wa mwisho wa fiziotherapia, Mama. Nimekuwa wa pili darasani, na tangu mwezi uliopita nina wagonjwa wangu mwenyewe. Juzi mmoja wao, mama wa umri wako, alifunga kifungo cha sweta yake kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba, na mkuu wa wodi akaja kunipa mkono mbele ya wote. Nikatamani kumpigia Baba, nikakumbuka atasikia tu, hatajibu.

Siku yenyewe Baba alipougua, simu zenu tano nilizikuta baada ya zamu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, nanyi mlingoja kukuche. Ningepokea, ningewaambia mpelekeni sasa hivi. Hili sijamwambia mtu.

Kaka, ile mashine ya kutetemesha mgongo usiinunue. Ugonjwa hauko mgongoni. Fedha ni ya mtaalamu wa mazoezi, mara tatu kwa wiki, na ya vidonge vya presha visivyokatika. Miezi hii ya mwanzo ndiyo ubongo unajifunza upesi, sehemu nzima zikibeba kazi ya iliyokufa, lakini hujifunza kile tu mtu anachokijaribu mwenyewe, tena na tena. Mama, najua unamvalisha shati kwa huruma. Mwache aanze yeye, umalizie. Na mtu yeyote asimnyanyue kwa kumvuta mkono ule: misuli ya bega ni dhaifu bado, hailishiki vizuri, linaweza kuchomoka. Akikaa, uwekeeni mto chini yake.

Ndani ya bahasha kuna penseli niliyoizungushia sponji ili iwe nene. Ni ya Baba. Dada aliniandikia kwamba kidole gumba cha mkono ule kimeanza kucheza kidogo anapokusudia. Iwekeni mkononi mwake wa kulia, mtandikieni karatasi, mmwache. Mstari wowote atakaouchora, hata uwe mkwaruzo, msiutupe. Nitumieni.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba