Bodingi pasi ya simu: mambo ya kumaliza kabla hujafika uwanjani

Mteja akija dukani na PDF kwenye flashi akitaka tumprintie bodingi pasi, ile hati ya kuingilia ndani ya ndege, siku hizi tunamuuliza kwanza: unapanda shirika gani, na unaanzia uwanja gani? Steshenari inaishi kwa kuprinti, hilo halifichiki. Lakini zipo safari ambazo karatasi yetu haitakusaidia kitu, na ni afadhali ulijue hapa mjini Mwanza kuliko mlangoni mwa ndege.

Mfano ulio wazi ni Ryanair, shirika la ndege la Ulaya. Tangu tarehe 12 Novemba 2025 haipokei tena bodingi pasi ambayo abiria ameiprinti mwenyewe; pasi inakaa ndani ya programu yao ya simu. Vijana wetu wanaosoma huko na kuzungukia miji kwa ndege za bei nafuu wanahusika moja kwa moja. Aliyekwisha kufanya cheki-ini mtandaoni, yaani kuthibitisha kwamba anasafiri, kisha simu ikazima au ikapotea hupewa karatasi uwanjani bila malipo. Aliyefika bila kufanya cheki-ini kabisa hulipa ada ya takriban euro 55, na mara nyingi ada hiyo inazidi nauli. Dirisha lao la cheki-ini hufunguka saa 24 kabla ya ndege kwa asiyelipia siti, na hufungwa zikibaki saa 2. Tena mwenye pasipoti ya Tanzania bado anatakiwa kupita kwenye dawati la kukagua visa kabla ya ukaguzi wa usalama, hata kama pasi ipo kwenye simu. Ukilikosa dawati hilo, unaweza kuzuiwa mlangoni.

Dubai nako, tangu tarehe 15 Mei 2023, abiria wa Emirates wanaoanza safari pale Terminal 3 wanatakiwa kutumia pasi ya simu. Mfanyabiashara anayetoka Mwanza kwenda kufuata mzigo hakutani na sharti hilo akiwa anakwenda. Analikuta wakati wa kurudi, akiwa amechoka na simu ina chaji asilimia 9.

Kwa ndege za ndani, kaunta ya Mwanza bado inakupa karatasi ukifika na kitambulisho. Kwa hiyo mzee anayetumia kitochi asihangaike kununuliwa simu janja kwa ajili ya safari moja ya Dar es Salaam. Awahi tu kaunta.

Vile vidoti vina nini

Shida nyingi utazielewa ukijua mashine inasoma nini. Haisomi jina lako kubwa pale juu wala nembo ya shirika. Inasoma ule mraba wa vidoti, au ule mstatili wa mistari iliyosongamana kwa pasi ya karatasi. Ndani yake kuna mfuatano wa herufi na tarakimu 60 za lazima, kwa mpangilio wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, unaotumika dunia nzima: jina, namba ya buking, uwanja unaotoka na unaokwenda (Mwanza ni MWZ, Dar es Salaam ni DAR), herufi za shirika, namba ya ndege, tarehe, siti, na namba yako katika mfuatano wa cheki-ini. Tarehe yenyewe imeandikwa kwa siku ya mwaka: 15 Machi ni 074, kwa mwaka ambao Februari ina siku 28.

Nafasi ya jina ni herufi 20 tu. Majina yetu matatu mara nyingi hayatoshi, kwa hiyo usishtuke ukiona jina limekatwa mwishoni au limeunganishwa na MR au MS. Hilo ni la kawaida. Kisicho cha kawaida ni jina la ukoo kutofautiana na kitambulisho. Ukikatiwa tiketi kwa jina la babu wakati pasipoti ina jina la baba mahali pa ukoo, cheki-ini ya mtandaoni inaweza kukataa kukutambua, na hata ikikubali, afisa wa mlangoni ana macho. Marekebisho ya herufi moja au mbili kwa kawaida shirika huyafanya. Kubadili jina zima ni habari nyingine, na mara nyingi ni gharama. Angalia siku ile ile unapokata tiketi.

Kwa kuwa namba ya buking imo ndani ya vidoti, kuvirusha kwenye status ya WhatsApp ni kumkabidhi kila anayetazama ufunguo wa safari yako. Jina la ukoo na hizo herufi sita vinatosha kwa mtu kuingia kwenye buking, kubadili siti au kuvuruga safari ya kurudi. Kama lazima watu wajue unapaa, piga picha ya dirisha la ndege.

Saa ya tiketi na saa yetu

Hapa ndipo watu wa kanda hii wanapoachwa na ndege, na simu janja haijasaidia. Tiketi inatumia saa 24. 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi. 19:10 ni saa moja na dakika kumi usiku. Wengi hilo wanalijua. Balaa ni zile ndege za kimataifa za baada ya saa sita usiku. Tiketi iliyoandikwa tarehe 15, 00:40, ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake jioni ya tarehe 14 unatakiwa uwe umeshafika uwanjani, na cheki-ini ya saa 24 inafunguka usiku wa kuamkia tarehe 14. Anayekuja dukani tarehe 15 asubuhi kufanyiwa cheki-ini ya ndege hiyo, ndege yake imeshatua Doha. Ukiwa na tiketi ya aina hii, andika kwa kalamu: natoka nyumbani siku fulani, saa fulani ya Kiswahili.

Anayetoka Geita au Sengerema sasa anapita daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, hana tena foleni ya kivuko. Wa Ukerewe bado yuko mikononi mwa meli, na asipange ndege ya siku ile ile meli inapofika bila kuacha nafasi ya kutosha. Kumbuka pia uwanja uko upande wa Ilemela, kupita Kirumba na Pasiansi. Ukitoka Buhongwa au Igoma jioni, kuvuka katikati ya mji peke yake kunaweza kukumalizia muda.

Kuiweka pasi kwenye simu

Fanya cheki-ini ukiwa na bando au waifai nzuri, si getini. Unahitaji namba ya buking yenye herufi sita na jina la ukoo kama lilivyo kwenye tiketi. Kwa safari ya nje, na pasipoti mkononi, kwa sababu utaulizwa namba yake na tarehe ya kuisha. Ukimaliza, ifungue pasi yenyewe ndani ya programu mpaka vidoti vionekane. Kisha zima data, weka simu kwenye hali ya ndege, ifungue tena. Ikionekana bila mtandao, umemaliza. Ikizunguka tu, maana yake kilichopo kwenye simu yako ni linki, si pasi, na siku mtandao ukigoma uwanjani utaangalia hicho kiduara.

Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa, kingo za vidoti zinafifia, na ikipita kwa watu wawili watatu mashine inaanza kusitasita. Ukipiga skrinishoti usiikate ikabana. Mraba wenye vijisanduku vitatu pembeni unahitaji ukanda mweupe kuuzunguka ili mashine ijue unapoanzia. Ule wenye jicho katikati unavumilia zaidi, lakini nao uache na nafasi yake.

Familia ya watu wanne kwenye simu moja inawezekana, ila kila mmoja ana vidoti vyake. Kosa la kawaida ni kuonyesha pasi ya mama mara mbili: ya pili mashine inasema huyu ameshaingia, na foleni nzima nyuma yenu inasimama. Kila mwenye simu apewe pasi yake.

Mashine ikigoma kusoma, simu ndiyo hushukiwa kwanza, na kwa haki. Mwanga uko chini kwa sababu simu imejiweka kwenye hali ya kubana chaji. Kioo kimepasuka hapo hapo penye vidoti. Sogeza picha juu au chini ipite kwenye sehemu nzima. Ile protekta nyeusi ya kuzuia jirani asichungulie inaizuia na mashine pia, kwa sababu mashine inatazama kwa pembe. Rangi ya njano ya usiku izimwe. Na ongeza muda wa kioo kujifunga ufike dakika 5, la sivyo kitazima ukiwa wa pili kwenye foleni.

Chaji: pawabenki huingia nayo ndani ya ndege, kamwe haiwekwi kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Kikomo kisichohitaji kibali ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme iliohifadhi). Ya mAh 10,000 ni kama Wh 37, ya 20,000 ni Wh 74, zote salama; ya 30,000 ni Wh 111, hiyo inahitaji ruhusa ya shirika na unaweza kunyang'anywa. Tangu Oktoba 2025 Emirates hairuhusu kutumia pawabenki yoyote ndani ya ndege, kwa hiyo jaza simu kabla ya kupanda.

Cheki-ini ya mtandaoni haipokei begi. Kuna wanaodhani wakiwa na pasi kwenye simu wanaweza kufika dakika ya mwisho na sanduku la kilo 23. Kaunta ya mizigo ina saa yake ya kufungwa, na ikifungwa, vidoti vyako vizuri kabisa vinabaki nje pamoja na sanduku.

Mfumo ukikataa kukutolea pasi nyumbani, si lazima kuna kosa. Wenye mtoto mchanga, wanaohitaji kiti cha magurudumu, wanaokwenda Marekani, na wale ambao visa yao lazima ionwe na mtu, mara nyingi huelekezwa kaunta. Sababu nyingine ni buking ambayo haijalipiwa: umeshikiliwa nafasi, tiketi haijatoka. Hiyo tunaweza kuiona haraka ukituletea zile herufi sita.

Kuprinti, basi, lini? Pale shirika linapopokea karatasi na simu yako si ya kuaminika, printi. Tutakuprintia kwa ukubwa wake halisi, printa ya leza, karatasi ya A4. Usiombe lamineti: mng'ao wake unarudisha mwanga kwenye mashine. Usikunje katikati ya vidoti. Na ile risiti nyembamba ya kaunta usiiache juu ya dashibodi ya gari, maana karatasi ya namna hiyo huandikwa kwa joto, na jua la mchana likiikuta itageuka nyeusi yote.