Rekodini sauti ya Kiswahili kwanza, mdomo wa katuni ufuate

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila zinapoandikwa habari za filamu ndefu za katuni, sifa zote hupewa kompyuta, na swali la wenye fedha huwa lile lile: mbona mnachelewa, si mashine ndiyo inayochora? Halafu linakuja ombi la pili, zito zaidi: wahusika wahuishwe, yaani wapewe mwendo wa mwili na midomo, kwa maneno ya Kiingereza ili filamu iuzike nje, Kiswahili kibandikwe mwishoni. Barua hii ni ya hilo la pili. La kwanza tulimalize upesi.

Dakika 90 ni sekunde 5,400, na kila sekunde ina fremu, yaani picha moja moja, 24. Jumla fremu 129,600. Kwa filamu ya kiwango cha sinema, mhuishaji mmoja, au animeta kama wengi wanavyomwita, hutoa sekunde tatu hadi tano kwa wiki. Tukichukua nne, hiyo ni kazi ya wiki 1,350 kwa mtu mmoja. Wakiwa 50 ni wiki 27, bila sikukuu, bila malaria, bila mwongozaji kusema "rudia". Kompyuta inasaidia, hatukatai. Ukiiwekea mhusika amesimama kwenye fremu ya 1 na ameketi kwenye fremu ya 20, za katikati itajaza yenyewe. Lakini itazijaza kwa mwendo mmoja usio na uzito, na mtu atashuka kitini kama jani linalozama kisimani. Kazi ya mhuishaji ni kuuvunja mwendo huo: nyonga zirudi nyuma kwanza, kifua kiiname mbele kusawazisha, mwili uanze taratibu na kudondoka kwa kasi katikati, kisha mgongo ujikunje kidogo baada ya makalio kugusa kiti.

Sasa sauti. Marekani na Ulaya, desturi ni kurekodi waigizaji kabla ya mhusika kuanza kuhuishwa. Japani mara nyingi hufanya kinyume, sauti huingia baadaye, na katuni zao nyingi hutosheka na mikao mitatu ya mdomo: umefumba, nusu, wazi. Mkiamua mdomo wa namna hiyo tangu mwanzo, hakuna ugomvi. Ugomvi uko pale mnapotaka uso kamili, wenye meno, ulimi na mashavu yanayosogea, kisha mnauhuisha kwa lugha moja na kuusemesha nyingine.

Chukueni neno dogo kabisa. Mhusika anaita "Come!" na midomo inaishia imefumba kwa sababu ya m. Bandikeni "Njoo!" juu yake: sauti bado inavuta oo, mdomo ulishafunga. "Stop!" hufunga kwa p, ilhali "Simama!" huishia a, taya ikiwa chini. Si bahati mbaya ya maneno mawili. Silabi za Kiingereza hupenda kuishia konsonanti, za Kiswahili karibu zote huishia irabu, kwa hiyo kosa hilo litajirudia filamu nzima, hasa mwisho wa sentensi, ambako mtazamaji ndiko anakokodolea macho.

Tuitazame sentensi moja kwa karibu: "Mbona hukuja?" Tuseme ina sekunde moja, fremu 24. Kwa mb midomo ifumbe fremu mbili au tatu. Chini ya mbili jicho haliioni, na neno linaonekana limeanza bila kichwa. Nafasi ikibana, iba fremu kutoka irabu ya jirani, mb usiiguse. Kisha o, midomo ya duara, na mkazo wa kwanza uko hapo. Kwa silabi "na" inatosha taya kushuka kidogo. Kwenye "huku" ya "hukuja" kuna u mbili mfululizo: midomo ibaki imechongoka, k itengenezwe na ulimi huko ndani. Wanaoanza hufungua na kufunga kwa kila silabi, uso ukapapatika kama samaki aliyetupwa mchangani. Mkazo wa pili uko kwenye ku, silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo nyusi zipande hapo, si kwenye ja. Na mikao yote itangulie sauti kwa fremu moja au mbili. Ikienda sawasawa na sauti, mdomo huonekana umechelewa.

M ya "mtoto" si mb ya "mbona". Ile ni silabi kamili, midomo hufumba muda mrefu zaidi. Katika neno "nne" midomo hukaa wazi, kazi yote ni ya ncha ya ulimi. Mhuishaji wa nchi nyingine asiyejua neno hata moja la Kiswahili atayapata haya yote akiwa na rekodi masikioni. Akipewa karatasi ya maneno tu, hatayapata.

Mwili nao hufuata sauti. Mkono hutua kwenye neno lenye uzito, na uzito huo huhama lugha inapobadilika. Kisha kuna mambo ambayo kwenye karatasi hayaandikwi kabisa. Msonyo, kwa mfano. Ni sauti ya nusu sekunde, lakini inataka midomo ibanwe, kona moja ivutwe pembeni, shavu lizame na macho yageuke kabla ya kichwa. Kama rigi, yaani mifupa na vishikio vya kumwendeshea mhusika, haikujengewa kishikio cha kuvuta kona ya mdomo peke yake, hapatakuwa na msonyo, na kuirudia rigi katikati ya filamu kunaweza kuharibu shoti, yaani vipande vya filamu, zilizokwisha kukubaliwa. Mkirekodi mapema, fundi wa rigi anausikia kabla hajaanza kujenga.

Vivyo hivyo mama mwenye ndoo kichwani. Hatua ya kawaida ina mikao minne: kisigino kinagusa, mwili unashuka, mguu unapita, mwili unapanda. Kwa fremu 12 kila hatua, ni mwendo wa mtu asiye na haraka. Wengi huchukua mwendo huo na kumtwika ndoo juu, kichwa kinadunda na maji yalitakiwa yawe yamemwagika zamani. Kichwa kikae mstari mmoja, magoti na nyonga ndivyo vimeze mdundo, hatua zifupishwe. Angalieni magoti hayo: mguu ukinyooka kabisa, goti huruka ghafla katika fremu moja. Dawa yake ni kushusha nyonga kidogo tu, mguu usimalize urefu wake. Sauti ya mama akizungumza huku anahema chini ya mzigo ndiyo itakayokuambia pumzi iinue kifua lini.

Kanzu na khanga huchezeshwa na idara nyingine, baadaye. Mhuishaji awaachie fremu za ziada kabla ya shoti kuanza, ambamo mhusika anatoka taratibu kwenye mkao wake wa mikono wazi hadi mkao wa kwanza. Bila hizo nguo hupenya tumboni au hulipuka kama mwavuli.

Jambo la kiufundi ambalo watu hulipuuza: televisheni zetu hutumia fremu 25 kwa sekunde, sinema 24. Kazi iliyohuishwa kwa 24 ikichezwa kwa 25 bila kurekebishwa, kila sekunde 25 hupungua moja, na filamu ya dakika 90 huisha mapema kwa dakika tatu na sekunde 36. Sauti iliyorekodiwa kando haijui habari hiyo. Mwandike namba ya fremu kwenye mkataba, siku ya kwanza.

Tunajua hoja ya soko. Filamu itauzwa nje, sawa, na huko wataingiza sauti zao juu ya midomo ya Kiswahili. Kutolingana kutakuwapo tu. Tunachouliza ni nani avumilie midomo isiyolingana, mtoto wa Tanga au mnunuzi wa mbali ambaye amezoea filamu zilizotiwa sauti upya.

Na mkisharekodi, mwandishi aweke kalamu chini. Kubadili "njoo" kuwa "karibu" huonekana jambo dogo mezani, lakini imeongezeka silabi, imeingia b ya kufumba midomo, na mkono uliokuwa ukiita sasa unatakiwa ukaribishe. Shoti yote inarudi kwenye hatua ya mikao.

Wahuishaji watatu,
Sinza, Dar es Salaam