Lokamu si kazi ya kusubiria kazi

Sisi ni wakala wa kuwaunganisha wahudumu wa afya na vituo vinavyohitaji watu wa zamu, na wengi wanaokuja kujisajili kwetu hapa Mombasa huongea kama wanaoomba radhi. Wamemaliza chuo, wamefanya mazoezi yao ya kazini, leseni wanayo, ila kaunti haijatangaza nafasi, basi wameona afadhali washike lokamu, yaani zamu za muda za kujaza nafasi ya asiyekuwepo, mpaka mambo yafunguke. Hatuwalaumu, maana nyumbani nako wanaulizwa kila siku, "Umeajiriwa?" Lakini tungependa wauguzi, maafisa wa kliniki, wafamasia na watu wa maabara waitazame kazi hii kwa jicho jingine.

Kwanza, pengo lenyewe halitokani na bahati mbaya ya mtu. Muuguzi akijifungua, sheria ya Kenya inampa likizo ya miezi mitatu, na wagonjwa wa wodi yake hawaendi likizo pamoja naye. Kila mwajiriwa ana siku 21 za mapumziko kwa mwaka. Desemba kliniki za Diani na Mtwapa hupokea wageni juu ya wenyeji. Ramadhani zamu ya jioni inatafutiwa mtu kwa sababu kila aliyefunga anataka kufuturu kwake. Krismasi ikifika, Waislamu nao huwashikia wenzao zamu. Kwa hiyo anayefanya lokamu anajaza nafasi ambayo ingekuwepo hata kama kaunti ingeajiri kesho.

Faida inayotajwa zaidi ni uhuru wa saa, na ni kweli. Mama mwenye watoto wa shule anachagua usiku wa wikendi, baba akiwa nyumbani. Anayesomea diploma ya juu ya uuguzi wa mahututi anashika zamu mbili kwa wiki na karo inapatikana. Hapo hatuna mengi ya kuongeza.

Kubwa kwa maoni yetu ni kuijua nyumba kabla ya kuhamia. Tangazo la kazi litakuambia mshahara na sifa zinazotakiwa. Halitakuambia kama mtungi wa oksijeni una kitu ndani, nani anapokea simu saa nane za usiku mama aliyejifungua akianza kutoka damu nyingi, au kama mgonjwa anaandikiwa vipimo kwa sababu anavihitaji ama kwa sababu mwenye kliniki anahesabu mapato. Mambo hayo utayaona ndani ya zamu chache. Ukiyapenda, kaa, usipoyapenda, maliza zamu ulizokubali na uage kwa heshima. Mwenye kliniki naye anakuangalia: unafika saa ngapi, faili unaijazaje, unamkabidhi mwenzako wagonjwa au unachukua mkoba na kukimbilia matatu? Nafasi za kudumu katika vituo vidogo mara nyingi huenda kwa mtu ambaye tayari wanamjua.

Utajifunza pia haraka. Katika hospitali kubwa unaweza kukaa mwaka mzima kwenye wodi moja. Kwenye kliniki ndogo ya Likoni, usiku mmoja unaweza kuanza na mtoto mwenye degedege, ukafuata mshono wa kidole, na alfajiri mama wa uchungu akabisha hodi. Ila hapa tuwe wakali: ukiombwa kufanya jambo lisiloruhusiwa na leseni yako, kataa, hata kama "aliyekuwepo hapa alikuwa akifanya". Baraza lililokupa leseni likiuliza, litakuuliza wewe.

Kwa wanaofikiria kwenda nje, hasa baada ya Kenya na Uingereza kutia saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, uzoefu wa vituo vingi unasaidia ukiwa na karatasi za kuuthibitisha. Omba barua kila unapomaliza mkataba. Meneja wa leo anaweza kuwa amehama utakapoihitaji.

Sasa pesa. Malipo ya zamu moja huonekana manono ukiyalinganisha na mshahara uliogawanywa kwa siku. Hesabu kwa mwaka, si kwa usiku mmoja: siku ya kuugua hailipwi, likizo hailipwi, NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya) unajichangia mwenyewe. Ukilipwa kama mtaalamu anayejitegemea na malipo ya mwezi yakifika shilingi 24,000, anayekulipa anakata kodi ya asilimia 5 na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi. Dai cheti cha makato hayo, maana utakihitaji unapowasilisha ritani zako kabla ya Juni kwisha.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, anahesabiwa kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, na anastahili notisi. Kituo kinachokuita "lokamu" kila siku mwaka mzima kina mwajiriwa, kinapenda kisipende. Tunawaambia hivyo hata wateja wetu wenye vituo, na si wote wanaofurahi.

Ndiyo maana hatumpeleki mtu zamu kwa simu tu. Saa za kazi, kiasi cha malipo, siku ya kulipwa na mtu wa kukabidhiana naye huandikwa kabla hujapanda matatu. Leseni tunaithibitisha kwa baraza husika, na anayetafuta zamu hatumtozi chochote. Anayelipa ada yetu ni kituo. Ukiwa umeajiriwa na kaunti, soma kwanza masharti ya ajira yako kuhusu kazi za nje, uje na ruhusa kama inahitajika.

Kujisajili, njoo ofisini mchana na kitambulisho, vyeti halisi, leseni, pini ya KRA na bima ya kukulinda ukishtakiwa kwa kosa la kikazi, kama unayo. Madaktari wakumbuke leseni zao huisha tarehe 31 Desemba, katikati ya msimu wenye zamu nyingi kuliko wakati wowote. Asiyeihuisha mapema, tarehe 1 Januari zamu yake tutampa mwingine.