Yah: Malalamiko kuhusu tairi mlizonifungia nyuma, na namna binti yangu alivyotendewa kwenye karakana yenu

Mwanza,
4 Novemba 2024.

Meneja Mkuu,
Tawi la Nyakato,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima. Barua ya kwanza niliiandika usiku wa Jumamosi tarehe 19 Oktoba nikaichana, kwa sababu haikuwa na heshima. Ya pili nayo niliichana. Hii ya tatu naomba isomwe mpaka mwisho na mtu mwenye uwezo wa kuamua jambo, si yule msimamizi wenu wa zamu.

Niliagiza kwenu tairi za gari langu ninalokimbia nalo kwenye uwanja wa mbio. Masharti ya oda maalumu mnayajua, mmeyatunga wenyewe. Kitabu chenu cha oda kina mwandiko wangu: tairi 4, 245/40R18, 97Y (uzito na kasi inayohimiliwa), namba ya uchakavu 200 (kasi ya mpira kuisha), zisiwe zimetengenezwa zaidi ya miaka miwili nyuma. Nililipa Sh 1,860,000 tarehe 5 Agosti na nusu iliyobaki asubuhi ya tarehe 19 Oktoba, siku mliyozifunga, kabla sijaonyeshwa hata tairi moja. Jumla Sh 3,720,000. Risiti zote mbili za EFD ninazo.

Zile mbili za mbele ni zenyewe kabisa, sina ugomvi nazo. Za nyuma ni 245/45R18, 96V, uchakavu 400, na tarehe ubavuni imeandikwa 2317.

Mtu wenu aliniambia tofauti ni "namba moja tu, mzee". Basi naomba niwafanyie hesabu ya hiyo namba moja. Tairi ya 40, yaani yenye ubavu wa asilimia 40 ya upana wake, kwenye rimu ya 18 ina kipenyo cha milimita 653. Ya 45 ina milimita 677 na zaidi. Kwa kila kilomita moja, tairi za mbele zitazunguka karibu mara 18 zaidi ya za nyuma. Gari langu ni Impreza WRX STI, linavuta kwa magurudumu yote manne, na katikati yake kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ukiifungia tairi za vipimo viwili, difu hiyo haipumziki hata gari likienda barabara iliyonyooka. Inafanya kazi ya kona muda wote, inachemka, inakufa. Fundi yeyote wa Subaru hapa Mwanza, awe Mabatini au Igoma, anajua hili. Kampuni inayouza tairi kwa bei hii inawezaje kutolijua?

Na 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mpira umeshapita miaka saba. Mpira hukauka hata ukikaa stoo bila kuguswa, na ukikauka haushiki lami. Kwa safari ya sokoni pengine hutagundua. Kwenye uwanja uliofungwa, unapoingia kona ukiwa umetoka kukanyaga breki kwa nguvu zote, utagundua ukiwa umeshachelewa.

Aliyeigundua tarehe hiyo si mimi. Ni binti yangu, ana miaka 13. Nyumbani kwetu kazi ya kupima upepo ni yake. Ana daftari la hesabu ambalo ameandika kila tairi upepo wake kabla ya kuingia uwanjani na baada ya kutoka: PSI 30 ikiwa baridi, 36 ikiwa imechemka, kushoto mbele ikazidi kidogo kwa sababu uwanja ule una kona nyingi za kulia. Alichuchumaa nyuma ya gari, akasoma, akasema, "Baba, hizi za nyuma wameandika 45. Na ni za 2017." Msimamizi wenu akamjibu mbele ya watu wote: "Mtoto, hizo namba ni za kiwandani, hazikuhusu. Baba yako akitaka mbio mpeleke CCM Kirumba akazunguke uwanja." Watu wakacheka. Mwanangu akanyamaza.

Ndugu Meneja, mwanangu alikuwa sahihi kwa neno na kwa namba.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu hata mwezi Agosti nilipaswa kushtuka. Kijana wa kaunta alinishawishi nichukue tairi za uchakavu 100, akisema hizo ndizo za mbio. Nilimweleza bila haraka. Namba ikiwa ndogo mpira ni laini, unashika zaidi na unaisha upesi, hilo ni kweli. Lakini mimi sina lori la kubebea gari. Naliendesha mwenyewe kutoka hapa, Magu, Lamadi, Bunda, Tarime hadi Sirari, navuka mpaka naingia Kenya, nakimbia siku moja, narudi kwa tairi zilezile. Mvua ya ziwani mnaijua. Unaondoka jua likiwaka, ukifika Magu barabara ni mto. Tairi yenye kashata chache na fupi haina pa kuyapitisha maji, inapanda juu yake, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kama hauna kazi. Kwa hiyo nilichagua 200, mpira unaovumilia joto la uwanjani na bado una mifereji ya kunirudisha kwa watoto wangu. Sikuokota namba hizo. Nilizifikiria miezi miwili.

Na ile herufi Y. Kijana aliandika pembeni kwa kalamu, "Y au V sawa". Si sawa. Y inathibitishwa hadi kilomita 300 kwa saa, V hadi 240. Sijawahi kufika 240 na sina mpango huo. Lakini herufi hiyo inahusu joto ambalo tairi inalihimili bila kuachana tabaka, na dakika 20 za uwanjani, breki na kona bila kupumzika, zinazalisha joto ambalo barabara ya Airport haitakaa izalishe. Kama mlikusudia kuniletea V, kwa nini hamkunipigia simu? Namba yangu mlikuwa nayo. Mliitumia vizuri sana kunitumia ujumbe wa kuja kumalizia malipo.

Wakati nikisoma tarehe ile kwa macho yangu, vijana walikuwa wameshajaza upepo PSI 45 kwenye zote nne. Nilipouliza, nikaambiwa "ili zisichoke". Kwa upepo huo tairi inavimba katikati na kugusa lami kwa mstari mwembamba. Mwanangu alitoa daftari ili awaonyeshe vipimo vyetu.

Hapa ndipo sitaki mpite haraka, kwa hiyo narudia, na safari hii nasema lote.

Alitoa daftari. Alisema, "Samahani kaka, sisi huwa tunaanza na 30." Alisema samahani. Msimamizi wenu alilichukua daftari mkononi mwake bila kuomba, akalifungua, akapekua kurasa mbili tatu, akawaita wenzake waje waone "injinia". Ndipo akasema yale ya CCM Kirumba. Walikuwepo wateja wanne, bodaboda wawili waliokuja kuziba pancha, na mlinzi. Wote walicheka, hata mlinzi. Kisha badala ya kumrudishia mkononi, alilitupa juu ya mashine ya kubandulia tairi, pale penye povu la sabuni na grisi. Kurasa za mwaka mzima zililowa. Mwanangu alilitoa mwenyewe, akalifuta kwa sketi yake, akaenda kukaa ndani ya gari, akafunga mlango. Hakulia mbele yao. Alilia tulipofika Buzuruga.

Nilimtaka msimamizi amwombe radhi. Alinionyesha kwa kidole bango lenu ukutani: mali ikishafungwa kwenye rimu hairudishwi. Nilimtaka basi afunge tairi zangu za zamani nirudi nyumbani salama. Alizifunga, na akanitoza Sh 40,000, elfu kumi kila tairi, kurekebisha kosa lenu wenyewe. Nati alizikaza kwa kusimama juu ya spana kwa mguu. Nililegeza na kukaza upya nyumbani kwa spana ya kupimia, Nm 120 kama inavyotakiwa.

Tairi zangu za zamani zimebaki milimita mbili za kashata. Sikuthubutu kusafiri nazo. Siku yetu ya uwanjani ilikuwa juzi, tarehe 2 Novemba, na ada niliyolipa haikurudi. Binti yangu ndiye alikuwa akihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni. Siku hiyo hakuuliza kitu. Hajagusa geji ya upepo tangu siku ile.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba tairi mbili tu za nyuma zibadilishwe. Nimeiandika hadi hapa na nimebadili mawazo. Sitaki tairi yoyote kutoka kwenu. Nataka Sh 3,720,000 zote, pamoja na zile 40,000. Tairi nne ziko stoo kwangu, zile mbili za mbele hazijatembea hata mita mia, njooni mzichukue kwa gari lenu na mafuta yenu.

Na nataka radhi. Si kwangu. Msimamizi wenu amwombe radhi mwanangu, palepale kwenye mashine ile, saa za kazi, vijana walewale wakiwa wamesimama wanasikia. Aseme kwamba 245/45 si 245/40, na kwamba 2317 ni mwaka 2017. Barua ya makao makuu peke yake sitaipokea.

Nawapa siku 14 kuanzia siku mtakayosaini kupokea barua hii. Zikipita, sitapiga simu tena. Nitapeleka picha za ubavu wa tairi, kurasa za kitabu cha oda nilizopiga picha na risiti zote kwa Shirika la Viwango (TBS) Kanda ya Ziwa na kwa Tume ya Ushindani, kwa sababu kuuza kitu tofauti na alichoagiza mteja ni jambo ambalo sheria inalijua. Nitaomba pia wakague stoo yenu yote, maana kama mimi niliyeandika kila namba nimepewa mpira wa 2017, sijui yule baba wa Noah anayebeba watoto wa shule amepewa wa mwaka gani. Hilo nitaliomba hata mkinirudishia fedha siku ya 13. Na kama radhi haitatolewa, nitamkabidhi wakili suala la fidia, na daftari lile nitalipeleka mahakamani likiwa na madoa yake ya grisi.

Nasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Wenu mteja,
Mwenye oda ya tairi 4, 245/40R18, ya tarehe 5 Agosti 2024.

Nakala: Mkurugenzi wa kampuni, makao makuu.