Kadi ya njano haina miaka 10 tena

Mhariri, naomba kanafasi hapo kwako. Hii habari ya watu kurudishwa wachomwe tena chanjo ya homa ya manjano eti kadi imepita miaka 10 mpaka lini? Juzi mdogo wangu anapeleka mzigo Lubumbashi, kafika mpakani kaambiwa kadi yako imekufa, akachomwa, akalipa, safari imechelewa. Wakati WHO, Shirika la Afya Duniani, walishabadilisha tangu Julai 2016, cheti ni cha maisha, hata zile kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10 zinahesabika hivyo hivyo.

Na sio kwamba wameamua tu kuwaonea huruma wasafiri, ni mwili wenyewe. Chanjo ile, 17D, ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kinaingia kabisa ndani ya seli, na seli ikishaingiliwa inatoa vipande vya kirusi inavionyesha nje kwenye ngozi yake. Sasa kuna chembe nyeupe zinaitwa seli T za kuua, kila moja inatambua kipande chake, zile chache zinazokitambua hiki zinaamshwa kwenye matezi zinaanza kuzaana kwa kasi ya ajabu, zinatoka zinasaka seli iliyoingiliwa, zinaitoboa kwa protini iitwayo perforini, zinapitisha vimeng'enya viitwavyo granzaimu ndani na seli inajiua yenyewe pamoja na virusi vyake. Kwa chanjo hii zinafika kileleni kama wiki 2 hivi, halafu nyingi zinakufa, ndo inavyotakiwa, maana zikibaki zote zitatuumiza wenyewe.

Lakini hazifi zote jamani! Zinabaki chache zenye kumbukumbu, na wataalamu wamezikuta kwenye damu ya watu waliochanjwa zaidi ya miaka 20 nyuma, mara moja tu. Kirusi kikija hazianzi moja, zinaamka haraka. Kingamwili nazo, zile protini za damu zinazonasa kirusi, zinadumu miaka mingi, ndo mlinzi wa kwanza kabisa, ila nyuma yake hizi seli T zipo.

Kuna wachache wanaweza kuambiwa warudie kwa ushauri wa daktari, mfano aliyechanjwa akiwa mjamzito au kinga yake ikiwa chini sana, hao sawa. Dereva mzima mwenye kadi yake halali asiguswe. Wizara ibandike tangazo la Kiswahili kwenye kila dirisha la afya mpakani, na nyie gazeti mlichape ukurasa wa mbele, watu walikate waliweke ndani ya pasi.

Msomaji, Tunduma