Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Askari Polisi Mstaafu na Mpiganaji wa Vita vya Kagera

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi mliofika, wanafunzi wenzetu, tunawasalimu nyote. Kwa wazee wetu mlioko meza kuu, shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Itifaki inatutaka tukuite hivyo mpaka mwisho wa risala hii, na tutajitahidi. Lakini unajua mwenyewe kwamba ndani ya klabu jina lako ni Babu Afande. Likituponyoka, tunaomba usitufungulie kesi.

Kwenye madaftari yetu Vita vya Kagera vimekaa ukurasa mmoja. Tumeandika kwamba majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuiteka ardhi yetu ya ng'ambo ya Mto Kagera, na Daraja la Kyaka likavunjwa. Tumeandika maneno ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Tumeandika kwamba Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mtihani ukija tunayamwaga hayo yote na maksi tunapata. Ila hakuna kati yetu aliyekuwa ameandika kwamba polisi nao walikwenda.

Tulidhani vita ile ilikuwa ya JWTZ peke yao. Wewe ndiye uliyetueleza kwamba walikwenda pia mgambo, vijana wa JKT, askari magereza na polisi. Ulikuwa konstebo kijana, hujamaliza miaka mingi tangu utoke Chuo cha Polisi Moshi, na kazi uliyoizoea ni kukamata baiskeli zisizo na taa na kuandika maelezo ya mashahidi. Siku chache baadaye ulikuwa njiani kuelekea Bukoba, na bunduki begani.

Tulikuuliza kuhusu risasi, kama watoto wote wanavyouliza. Ukatujibu kuhusu nyumba. Mlipovuka mto mkaingia vijijini, uliona nyumba mlango uko wazi, sufuria ingali juu ya mafiga, na nje mkungu wa ndizi umeivia mgombani mpaka ndege wanaula. Wenyewe hawapo. Ukasema kwamba kwa askari polisi, mlango ulio wazi bila mwenye nyumba ni tukio la kuandikwa, na mkono wako ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta kalamu. Sajini wako akakucheka. "Utamshtaki nani hapa, Amin?" Sisi nasi tulicheka, wewe hukucheka.

Mengine umetusimulia kwa kifupi: ngurumo ya makombora ya Saba Saba, matope, na Masaka, kule Uganda, mliyoikuta Februari 1979 ikigeuka magofu. Ukifika Lukaya, njiani kwenda Kampala, unabadilisha mazungumzo, unatuuliza kama tumekula. Tumeliona hilo, Babu. Tunajua kutokana na vitabu kwamba Machi ile palikuwa na mapigano makali, na Walibya walikuja kumsaidia Amin. Zaidi ya hapo hatukuulizi leo mbele ya watu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Watu wakizungumzia maisha ya mpiganaji huishia pale vita inapoisha. Kwa maoni yetu hapo ndipo maisha yako yanapoanza kutufaa zaidi, kwa sababu ulirudi kaunta, kwenye kitabu cha taarifa na wateja wa usiku. Mwalimu alikuwa amewaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na dhiki ikapita miezi hiyo mbali sana. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, yaani walioficha bidhaa adimu. Ulituambia kwamba kazi ile ilikuelemea kuliko vita, maana kule mbele ulijua adui yuko upande gani. Huku ulimkuta mama na miche yake ya sabuni chini ya kitanda, analia, na sheria inasema umchukue, nyumbani kwako nako sabuni hakuna. Hukutuambia uliamua nini. Tumebishana klabuni mpaka leo, na mwalimu wetu mlezi kakataa kutoa jibu.

Umestaafu, lakini asubuhi tunakuona hapo getini na fimbo yako, bila sare wala filimbi, ukiwasimamisha bodaboda wanaopakia wanafunzi mishikaki. Wanasimama! Askari wa usalama barabarani tunawaheshimu sana, ila wao madereva huwakimbia.

Klabu yetu ina changamoto zake. Simu haziruhusiwi shuleni, na sisi tunakubali, lakini maana yake ni kwamba simulizi zako zote tumezinakili kwa mkono, na mkono hauwahi. Tunaomba uongozi wa shule utusaidie kinasa sauti kimoja na kabati lenye kufuli. Kwako, Mheshimiwa, ombi letu ni kwamba ukubali kukaa nasi tangu mwanzo, tuyarekodi yote unayotaka kuyasema, na yale usiyotaka yabaki yako. Ukiweza, utuunganishe na wenzako waliobaki, hasa mama zetu waliobaki na watoto nyumbani wakati mko mbele, maana hao hakuna mtu anayewaita meza kuu.

Ombi la mwisho ni kwa wazazi. Tunataka kwenda Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa mashujaa wa vita hii, na tunataka Babu Afande awe kiongozi wa msafara. Nauli tumeanza kuchanga. Mwenye basi aje amwone mwalimu mlezi baada ya chakula.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.